Kengele ya Saa Kumi na Robo

Jumatatu, 4 Agosti

Msikitini alfajiri, kisha chai na mahamri mawili, kisha kufagia ulingo. Kama kila Jumatatu. Kamba ya tatu imelegea tena, nimeikaza kwa waya. Vijana sita tu mazoezini. Zamani ukumbi huu wa Mjambere, hapa Kisauni, mtu alikuwa hapati pa kutia mguu.

Nimewaandikia tena watu wa televisheni. Sijui ni barua ya ngapi. Safari hii sikupaka sukari. Nimesema watu hawakuichoka ndondi, walichoka kudanganywa. Nipeni saa moja ya Jumamosi, kwenye chaneli ya bure inayoingia kila nyumba, nami nitawaletea watu wawili wanaolingana, asijue mtu nani atashinda. Nikatia sahihi.

Neno hilo, kudanganywa, limenikera mchana kutwa. Aliyewadanganya ni mimi.

Alhamisi, 7 Agosti

Wamepiga simu!

Ni mtayarishaji wa vipindi, mwanamke wa bara, anaitwa Nyokabi. Sauti ya mtu mwenye haraka. Jumamosi ya tarehe thelathini, saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri, moja kwa moja kutoka ukumbini kwetu. Mara moja, majaribio. Watu wakitazama, Jumamosi zote za mwaka ujao ni zetu. Wasipotazama, tusisumbuane tena.

Nimekaa juu ya ndoo ya maji. Umri wangu miaka sitini na moja.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda Kiembeni kumwambia Kaka Shee. Ni kaka yangu wa tumbo moja, kanizidi miaka kumi na miwili. Yeye ndiye aliyenifundisha ngumi, na niliposhindwa kuzijua akanifundisha kupiga kengele, na kengele ikanichosha nikashika maiki. Tangu kiharusi kimshike upande wa kushoto anakaa kwa bintiye Zuhura. Kiti, dirisha, televisheni. Akiiona ndondi anabadilisha chaneli. Zuhura ndiye aliyeniambia.

Niandike yote, hakuna anisomaye. Tulikuwa na kipindi sisi. Kila mwezi, kaka akifunza, mimi nikipanga mapigano na kutangaza. Nikaingiwa na tamaa ya rekodi za ushindi mtupu. Mabondia wetu nikawaletea watu wa kuanguka. Mara ya mwisho nilimleta mvunja mawe mmoja ambaye hajapata kuvaa glavu. Alipigwa raundi moja na nusu, kisha akamuuliza mwamuzi, mbele ya kamera, akakae wapi. Ukumbi ukacheka. Mimi nikacheka kwenye maiki. Kaka akanirushia taulo lenye damu ya yule mtu usoni, akatoka. Mwezi uliofuata kipindi kikaondolewa, na kaka hakuingia ukumbini tena.

Leo nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba. Nikamweleza. Akapunguza sauti ya televisheni. Kisha: "Kombo utampambanisha na nani?"

Nikasema bondia wangu huyo bado sijampatia mtu.

"Basi bado hujapewa kipindi," akasema, akageukia dirisha.

Jumatano, 13 Agosti

Kombo ni bondia wangu. Fundi wa kuchomelea madirisha na milango ya vyuma, umri miaka ishirini na sita, mapigano kumi na mawili hajapoteza. Kati ya hayo kumi na mawili, matatu ndiyo ya haki. Mengine najua mwenyewe nilivyoyapanga. Mtoto wa watu hafichwi ukweli, lakini huyu nimemficha.

Nimekwenda Changamwe kumtafuta Otieno. Kuli wa bandarini, mkono wa kushoto mzito, hana promota kwa sababu promota wote wanamkimbia. Nilimkuta amekaa juu ya gunia anakula muhogo. Nikamwambia raundi nane, televisheni, Kombo wa Kisauni. Akatafuna mpaka akamaliza. Akauliza mara mbili kama kuna mtu atamwambia aanguke. Nikasema hakuna. Akanitazama sana, akakubali.

Kombo nilipomwambia alizima mashine yake akavua miwani ya kuchomelea. "Mzee, mbona wanipa huyu?" Nikamjibu kwamba mtu akitazama nyumbani lazima aogope kidogo kwa ajili yake.  Nilijisikia vibaya, na nilijua niko sawa.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefanya utafiti wangu mwenyewe, wa miguu. Saa kumi alasiri nimepita nyumba saba hapa mtaani, hodi hodi, naangalia watu wanatazama nini. Nyumba tano tamthilia. Moja mpira wa Ulaya. Moja televisheni imezimwa, wana msiba.

Kwa Bi Mwanaisha, muuza viazi vya karai, nikakaa nikatazama naye. Anajua nani kamwibia nani mume na kwa nini yule mwenye kofia hasemi na mamake. Nikamuuliza mbona haangalii ndondi. Akasema, "Wale siwajui mimi. Wapigana kwa lipi?"

Jawabu lilikuwa kwenye kigoda cha muuza viazi, na mimi miaka yote nalitafuta kwenye mikanda ya ubingwa. Sasa ni usiku na usingizi hauji kwa furaha.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempigia Nyokabi nikamweleza habari ya Bi Mwanaisha. Kwa mara ya kwanza akacheka. Atatuma mpiga picha: dakika saba za Kombo, dakika saba za Otieno, zionyeshwe kabla ya kengele. Mtu aone cheche za Kombo na mamake, aone Otieno na magunia yake. Kisha pigano. Raundi nane na mapumziko yake ni dakika thelathini na moja. Zinabaki dakika kama kumi na nne za matangazo na kumhoji mshindi.

Akanikaririsha kama mtoto wa madrasa: saa kumi filamu, saa kumi na robo kengele. "Mzee, ikipita hapo mimi sina nguvu. Saa kumi na moja mtambo unaingia tamthilia wenyewe, hata kama mtu yuko hewani anaanguka."

Nimeandika kwa chaki ukutani: SAA KUMI NA ROBO.

Ijumaa, 22 Agosti

Mpiga picha amekuja na kumaliza. Mamake Kombo alivaa leso mpya akalia mbele ya kamera. Otieno alisema maneno manne kwa siku nzima, na yote manne mazuri. Nimeziona filamu kwenye simu ya yule kijana. Nikalia na mimi, kisha nikasingizia vumbi.

Kombo anafanya mazoezi kama mtu aliyetukanwa. Amepungua. Anakimbia mpaka Frere Town na kurudi kabla ya kazi. Sijapata kumwona hivi. Miaka yote nilidhani namlinda. Nilimnyima kitu.

Jumatano, 27 Agosti

Msaidizi wa mheshimiwa wetu amepiga simu. Mheshimiwa amesikia habari ya televisheni. Jumamosi atapita kuwasalimia wananchi, dakika mbili tu.

Nikafurahi. Niwe mkweli, nilifurahi sana. Nikanunua maua ya plastiki ya meza kuu na nikaazima viti vinne vyenye mito kwa mwenye kumbi za harusi.

Nikapita Kiembeni kumwambia kaka. Hakungoja nimalize.

"Mnyime maiki."

Nikasema haiwezekani, mtu mkubwa, na kwetu mgeni ukishampa kiti umempa na maiki. Watu watasema nini?

"Na wewe usiishike hiyo maiki, Asumani. Mpe mtu mwingine." Kisha akasema Jumamosi atatazama. Zuhura atamwekea mto nyuma ya mgongo aketi wima.

Njiani nilisahau yale mengine yote. Nilibaki na hilo moja tu, kaka atatazama.

Ijumaa, 29 Agosti

Mizani asubuhi. Kombo sawa. Otieno sawa, hata akapungukiwa uzito kidogo, kwa hiyo akanywa uji pale pale. Wakapeana mkono bila kusukumana wala kutukanana. Watu wa mtaani wakavunjika moyo. Mimi nikafurahi.

Nimejaribu maiki. Sauti yangu bado iko. Nilijaribu mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumamosi, 30 Agosti

Siwezi kuandika.

Jumapili, 31 Agosti

Niandike. Nikiacha leo sitaandika kamwe.

Ukumbi ulijaa tangu adhuhuri. Wanawake, wazee, makuli wa Changamwe wamekodi basi zima. Watu walisimama madirishani. Tukaswali alasiri, tukarudi. Nyokabi yuko nje kwenye gari la mitambo, ana kijana wake ukumbini wa kutuhesabia muda kwa vidole. Kombo chumba hiki, Otieno chumba kile, mikono imefungwa tayari. Saa kumi kasoro dakika tano mheshimiwa akaingia na watu kumi na wanne. Viti nilikuwa na vinne.

Hapo ndipo nilipokufa. Kijana akanipungia kwamba filamu zinaanza. Nami naona mtu mzima amesimama na watu wake, hana pa kukaa, hajakaribishwa. Nikamfanyia ishara kijana angoje. Nikashika maiki. Nilitaka kusema karibu, basi.

Nikasema karibu. Kisha nikaona si heshima kumtaja yeye nisimtaje chifu. Nikimtaja chifu, imamu je? Nikimtaja imamu, mchungaji aliyekuja na vijana wake wa kwaya je? Nikawataja mabondia wakongwe mmoja mmoja, na kila mmoja nikampa sifa zake, mikanda yake, mtaa wake. Watu wakapiga makofi. Wallahi nilisikia raha. Sauti yangu ilikuwa inatoka kama zamani, na taa nyekundu ya kamera iko mbele yangu, na mahali fulani Kiembeni kaka ananitazama. Nikasimulia historia ya ndondi Kisauni. Nikawashukuru wenye viti.

Kijana alikuwa akizungusha mkono kama mtu anayesokota kamba. Nilimwona. Sitasema sikumwona.

Kisha dua. Kisha maombi, maana ukianza na huku umalize na huku. Kisha mheshimiwa, ambaye dakika zake mbili zilianza na kuwasimamisha wale kumi na wanne mmoja mmoja. Akaongea habari ya barabara. Akaongea habari ya maji. Nilimkaribia mara mbili nikitabasamu, akanishika bega akaendelea.

Filamu hazikuonyeshwa. Kengele ikalia saa kumi na dakika arobaini na nne.

Raundi nne walizoziona watu majumbani zilikuwa za kupimana. Ndivyo wapiganavyo watu wanaoogopana, na ndiyo dalili ya pigano zuri, lakini aliye nyumbani hajaambiwa. Kengele ya raundi ya tano ilipolia, kijana akavua vile vya masikioni akavining'iniza shingoni. Taa nyekundu ikazimika. Nilipotoka mbio nje wapiga picha walikuwa wanakunja nyaya. Nyokabi hakunipigia kelele. Alisema gari linatakiwa kwingine, pole mzee. Ningependa angenipiga.

Na ndani huku ukumbi ukaanza kunguruma.

Sitaandika raundi ya tano. Niliikuta katikati, kabla Kombo hajaanguka.

Mwisho Otieno alishinda kwa pointi moja. Moja. Watu walisimama, wa Kisauni kwa wa Changamwe, wakapiga makofi mpaka mikono ikawauma, na hakuna aliyemzomea mtu. Sijaona kitu kama kile tangu nizaliwe. Mheshimiwa hakukiona. Aliondoka raundi ya pili.

Kombo alikaa juu ya benchi, jicho moja limefunga. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Mamangu kule nyumbani ameona nilipoinuka?"

Nikamwambia ameona.

Yaani hata jana, baada ya yote hayo, nikamdanganya tena.

Jumanne, 2 Septemba

Nyokabi amepiga. Kwa upole, ambao ni mbaya zaidi. Watu waliwasha, wengi kuliko ilivyotarajiwa. Walihama wakati naongea. Walipohama hawakurudi. Wakubwa wake wamesema hapana. Akaniambia, "Mzee, pigano ulikuwa nalo."

Kuna video inazunguka kwenye simu. Si ya pigano. Ni mimi, nashukuru wenye viti. Kuna mtu ameiwekea ngoma. Vijana wa bodaboda pale kituoni wakiniona wanasema "na viti vyenye mito!" Nawapungia mkono. Wana haki.

Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa si changu. Kombo alikuwa na rekodi safi, nikaichukua nikaitoa sadaka kwa ajili ya pigano ambalo nchi haikuliona. Kipindi kile cha kwanza nilikiharibu kwa kuleta watu dhaifu. Hiki nilileta watu wawili wa kweli, nikasimama mbele yao. Nilidhani nimejifunza. Nilijifunza nusu.

Nikakumbuka Bi Mwanaisha. Nikapita kwake kununua viazi. Akasema alinitazama kidogo, akadhani ni harusi, akarudi kwenye tamthilia.

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda kwa Kombo kwenye karakana. Nimemwambia ukweli: mamake hakumwona akiinuka, hakuna aliyemwona nje ya ule ukumbi, na kosa ni langu. Na mapigano yale tisa pia nikamwambia, jinsi nilivyoyapanga. Alikuwa ameshika mlango wa mtu, nusu umechomelewa.

Akauegemeza ukutani. Kisha akasema anajua. Mamake alikwisha kumwambia. Na yale tisa alikuwa akiyajua tangu la tatu, kwa jinsi walivyokuwa wakianguka.

"Hili ndilo langu," akasema. "Hili moja." Akavaa miwani akawasha mashine. Nilisimama nje nikiangalia cheche mpaka macho yakauma.

Jumapili, 7 Septemba

Kiembeni, baada ya alasiri. Nimeahirisha siku nane. Nilijua Zuhura aliweka mto.

Shikamoo. Marahaba. Nikakaa kwenye mkeka, si kwenye kiti. Nilingoja nitukanwe. Nilikuwa nataka kutukanwa. Kaka alikuwa anatazama dirishani, mkono wake mzima juu ya ule uliolala.

"Kombo aliinuka kwa mguu gani?"

Sikuelewa.

"Niliambiwa alikwenda chini raundi ya tano. Aliinuka kwa mguu gani?"

Wa kushoto, nikasema. Goti kwanza, akangoja mwamuzi ahesabu mpaka saba, kisha mguu wa kushoto.

"Basi alikuwa hajalewa ngumi." Akafumba macho. "Enhe."

Nikamsimulia. Otieno aliingia na ule mkono mzito, Kombo akachelewa kidogo tu. Akaanguka ubavu. Akainuka. Otieno akaja kumaliza, Kombo hakukimbia, aliingia ndani, akapiga mbavu, mbavu, mbavu, mpaka Otieno akarudi nyuma hatua mbili. Kengele. Sikutaja mtaa wa mtu. Sikumpa mtu sifa. Ya sita. Ya saba. Ya nane wote wawili walikuwa hawawezi kuinua mikono na wakaiinua. Nilimaliza upesi, nikashangaa. Habari yote haikufika hata dakika kumi.

Kaka Shee hakufumbua macho. Nilidhani amelala.

"Ningalipenda kuliona pigano lile," akasema.

 Zuhura akaleta chai, akamshikia babake kikombe. Ule mto bado ulikuwa nyuma ya mgongo wake. Tukanywa. Televisheni ilikuwa mbele yetu imezimwa, hakuna aliyeiwasha.